Seva Iliyohamia Chumbani Mwangu

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kilicholegea.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUONDOLEWA KWA MASHINE YAKO KANDO YA KITANDA CHANGU, NA OMBI KWAMBA UAMUE MWENYEWE KATI YA KABATI NA JAMVI

Hali yako siiulizi, kwa kuwa binti yangu huniambia kwamba u mzima na ngazi za hospitali bado unazipanda mbili mbili. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, umri wangu miaka sabini na mitatu. Mafundi wako wawili wa kompyuta unawafahamu: yule wa kike nimemzaa, na yule wa kiume amemwoa yule wa kike. Naishi nao. Nina chumba changu, kitanda changu, sanduku langu la nguo, na kiyoyozi ambacho wanangu walininunulia kwa ajili ya presha.

Si desturi yangu kulalamika. Katika maisha yangu nimeandika barua za malalamiko tatu tu: moja kwa wizara, moja kwa kiwanda cha chaki, na moja kwa mwenye redio wa nyumba ya pili. Zote zilijibiwa, isipokuwa ile ya mwenye redio, ambaye alihama.

Majuma saba yaliyopita uliwaita mafundi wako ofisini. Ukawaambia kwamba zile kompyuta tano kuukuu zinazoendesha hospitali zimechoka: ya kuandikisha wagonjwa, ya maabara, ya dawa, ya picha za mifupa, na ile ya barua zenu. Ukawaonyesha seva moja mpya, kubwa, itakayobeba kazi zote tano. Kilichobaki ni kuchagua programu ya kuigawa mashine hiyo, nazo programu za namna hiyo ni nyingi. Ukasema maneno haya, ambayo nayanukuu kwa uhakika kwa sababu nimesimuliwa na pande zote mbili na hapa tu ndipo zinapopatana: “Chagueni, mniletee jina moja. Nataka muwe mmekubaliana.”

Mheshimiwa, wewe umeoa?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu mtu aliyeoa hawaagizi mume na mke wakubaliane, halafu akawapa na tarehe. Na kwa vile paa la chumba cha mashine lilikuwa linavuja, ukaruhusu seva ijaribiwe nyumbani “kwa siku chache”. Ililetwa Jumanne asubuhi na lile gari la kubebea mashuka ya kufua, ikiwa imelazwa na kufunikwa shuka jeupe, wanaume wanne wakiishusha polepole. Majirani walisimama milangoni mwao wakavua kofia. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, alikuja kabisa akanishika mkono na kuniuliza ni nani.

Kwa kuwa mashine hiyo haitaki joto, na kiyoyozi katika nyumba nzima ni kimoja, iliingizwa chumbani mwangu bila hata kupumzishwa sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ana siku arobaini na tisa. Nimemzunguka pande zote nne na sijaona pa kumshikishia jembe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kelele, baridi, na adabu.

Seva yako ina feni sita. Kila feni inalia kama cherehani inayokimbizwa kwenye mteremko. Usingizi wangu wa alasiri, ambao daktari wako mwenyewe aliniandikia kwa kalamu, umekwisha. Kiyoyozi nacho si changu tena: kimewekwa nyuzi kumi na nane na kikafungwa kwa karatasi ya gundi. Watu wa nyumba hii wanatokwa jasho sebuleni huku mimi nimevaa soksi mbili mbili. Juzi kaka yangu alikuja kunitembelea, akatoka baada ya dakika kumi kwenda kuota jua.

La adabu ndilo linalouma. Mkwe wangu ni kijana wa heshima, tangu aoe hajawahi kuingia chumbani mwangu bila kupiga hodi. Siku ya tatu ya mashine alipiga hodi, akaingia, akainama, akasema, “Shikamoo mama.” Nikaitika. Akasema, “Imeshindaje leo?” Nami nikaanza kumweleza kwamba nimeshinda salama, ila goti la kushoto. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo. Alikuwa ameweka kiganja juu ya seva, kama mtu anayempima mtoto homa.

2. Jina lenyewe.

Niliwaomba wanieleze ni nini hasa kinachofanyika. Binti yangu akasema, “Mama, ndani ya kompyuta hii moja tunatengeneza kompyuta tano ambazo hazipo. Zinaitwa mashine pepe.” Mheshimiwa, mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Pepe ni suke la mpunga lisilo na punje ndani. Kuku mwenye akili halidonoi. Na wewe unataka dawa za wagonjwa ziandikwe humo?

Mkwe akaingilia kati kwa upole. Alisema niichukulie seva kama nyumba ya kupangisha. Nyumba ni moja, wapangaji watano, na ile programu ndiye mwenye nyumba. Kila mpangaji huambiwa kwamba nyumba nzima ni yake peke yake, choo chake, ua wake, na huamini. Akiugua mmoja, wengine hawapati habari. Hilo nililielewa, nikalipenda. Kisha akaongeza kwamba mwenye nyumba anaweza kuahidi wapangaji vyumba kumi na sita ilhali anavyo kumi, kwa sababu hawatavihitaji vyote kwa wakati mmoja. Nilimuuliza kama mama yake anajua kwamba anafanya kazi ya namna hiyo.

3. Kabati na Jamvi.

Majina halisi ya programu hizo nimeyasikia, lakini hayatamkiki na meno niliyobakiwa nayo. Programu anayoitaka binti yangu nimeiita Kabati: imefungwa vizuri, ina rafu za kila kitu, ila ufunguo anao aliyeiuza, na kila mwaka unamwendea akufungulie tena kwa leseni. Anayoitaka mkwe wangu nimeiita Jamvi: imesukwa na watu wengi waliojitolea duniani kote, ruksa kila mtu kuikalia, lakini ikichanika unashona mwenyewe.

Nilidhani watabishana siku mbili. Mambo yalianza kwenye chai ya asubuhi.

“Siku mashine ikianguka saa nne,” binti yangu alisema, “watu wamejaa dirishani, wewe na jamvi lako utampigia nani? Utaandika kwenye mtandao ‘jamani nisaidieni’ halafu usubiri mtu aamke huko aliko?”

“Na siku mwenye kabati akiamua kubadilisha kitasa?” mkwe akajibu. “Aseme kuanzia leo rafu ya tatu haifunguki? Wewe utampigia nani?”

“Nitampigia yeye.”

“Huyo huyo aliyekufungia?”

Nami nakiri kwamba wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitisha. Wiki ya pili nilikuja hospitalini kuchukua vidonge vyangu vya presha. Nilisimama kwenye foleni mbele ya dirisha la dawa kwa saa mbili na nusu. Ile kompyuta ilikuwa imegoma. Mfamasia alikuwa anaipiga makofi, kwanza kwa kiganja, kisha kwa kitabu cha wagonjwa, huku mama mmoja nyuma yangu akimpepea mtoto kwa kadi ya kliniki. Nikamwona binti yangu amepiga magoti chini ya meza ya dawa, waya shingoni, vumbi kichwani. Hakuniona. Aliporudi nyumbani hakugombana na mtu. Alikuja chumbani, akaketi sakafuni, akaiegemea ile seva mpya, akaniambia, “Mama, nikikosea hapa, foleni ile itakuwa yangu.” Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, “Itakuwa yetu.” Dakika tano baadaye walikuwa wanagombana tena, lakini nilijua hawagombani kwa upuuzi.

4. Mtihani.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaamua, niliamua mimi kuwapa mtihani. Binti yangu alinunua diski mbili, moja ya Kabati na moja ya Jamvi, wakawa wanazibadilisha: tarehe za shufwa Kabati, tarehe za witiri Jamvi, kama mume wa wake wawili. Niliandaa karatasi yenye maswali kumi, nikaweka na nafasi ya jina.

Swali la kumi na moja halikuwa kwenye karatasi. Siku moja saa tano asubuhi nilihitaji kupiga pasi, na soketi ya chumba changu ni moja. Niling'oa plagi. Feni zote sita zikakaa kimya kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne nikasikia ndege nje ya dirisha. Sekunde chache baadaye nikasikia na watu: binti yangu kutoka jikoni na mkwe kutoka bafuni, povu kichwani, taulo mkononi, kila mmoja akipiga kelele “Nani?” Jaribio lao la tangu alfajiri lilikuwa limekufa.

Nilijishusha, nikaomba radhi. Lakini walipoiwasha tena, wote wawili walikodoa macho kwenye kioo cha mashine, na mkwe akasema taratibu, “Kumbe hili ndilo jaribio lenyewe.” Hospitali umeme hukatika, sivyo? Ilikuwa zamu ya Kabati. Wapangaji wake watano waliamka wote, kwa mpangilio, mmoja mmoja, dakika tisa. Binti yangu alinikumbatia.

Kwa ajili ya haki, kesho yake saa tano niling'oa tena.

Jamvi iliamka dakika nne tu. Mkwe alikuwa karibu kucheza. Tatizo ni kwamba yule mpangaji wa maabara aliamka akiamini tuko mwaka 1970. Binti yangu alisema hilo ni kosa kubwa. Mimi sikuliona kubwa hivyo. Mwaka 1970 nilikuwa na kiuno na meno yote. Niliwapa wote alama sita na nusu kwa kumi. Tangu siku hiyo hakuna anayeniruhusu kushika pasi.

5. Lalamiko hili nimeliondoa kwa kuheshimu ndoa ya watu.

6. Ndoa ya watu.

Mheshimiwa, hawaongei. Yaani wanaongea, lakini njia inapita kwangu. Mmoja anakaa mguuni pa kitanda changu, mwingine anakaa kwenye sanduku langu, seva katikati, umbali wa hatua mbili, na mmoja anasema, “Mama, mwambie mkweo kwamba Kabati inaweza kumhamisha mpangaji kutoka seva moja kwenda nyingine bila kumwamsha.” Namwambia. “Mama, mwambie binti yako kwamba hata Jamvi inaweza, tena seva ya pili yenyewe hana.” Namwambia. Nimekuwa waya. Wiki ya tano nilianza kufupisha, wiki ya sita nikaanza kusahihisha sarufi, na sasa naona aibu kusema kwamba mara mbili nimejibu mwenyewe kabla ujumbe haujafika, na jibu lilikuwa sahihi.

Programu zote mbili zina jambo moja zuri. Kabla hujagusa chochote unapiga picha ya mashine pepe ilivyo. Ukiharibu, unairudisha kwenye picha, kama vile hukuharibu. Niliwauliza kama kuna picha yoyote iliyopigwa ya nyumba hii kabla ya Jumanne ile. Mkwe alicheka. Binti yangu alimtazama akicheka, naye akataka kucheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kwenye msimamo.

7. Kamati.

Kuona mambo yamekwama, mafundi wako waliwaita watumiaji watoe maoni. Watumiaji hao ni mfamasia, bwana maabara, karani wa mapokezi, na mpiga picha za mifupa. Unafikiri walikutana wapi? Waliketi kitandani mwangu kwa safu, mimi nikiwa ndani yake. Walifungua kikao kwa kunipa pole, kisha wakanisahau. Karani aliandika mukhtasari juu ya paja langu akidhani ni mto. Mfamasia alisema yeye anataka kitu chochote kisichopigwa kofi. Bwana maabara alisema anataka Kabati kwa sababu rangi yake ni ya kupendeza. Mfamasia hakupiga kura, mafundi wako wakapiga, na kura zikagawanyika mbili kwa mbili. Mpiga picha za mifupa alipoinuka kutoa kura ya uamuzi, tuligundua kwamba alikuwa amekalia miwani yangu, kikao kikavunjika, na miwani pia.

8. Ukutani, juu ya picha ya marehemu mume wangu, wamebandika karatasi yenye maandishi makubwa mekundu: USIZIME.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kwanza, uchague mwenyewe, kwa kalamu yako, leo. Ukichagua Kabati, nitampikia mkwe chakula anachokipenda na atapona. Ukichagua Jamvi, nitakaa na binti yangu mpaka anyamaze. Hasara zote mbili naziweza. Nisichokiweza ni kusubiri.

Pili, ukishindwa kuchagua, nakuomba uniteue mimi kuwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta kwa siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Nimeongoza walimu ishirini na wanne, na kati yao sita walikuwa wa hisabati. Nitaamua kabla ya chai na saa zitakazobaki nitarekebisha kile kitasa chako.

Tatu, hospitali itunge kanuni ya kudumu kwamba watu wawili waliooana wasiagizwe kukubaliana juu ya jambo lolote lenye zaidi ya chaguo moja.

Nne, seva iondoke chumbani mwangu kabla ya Jumamosi. Ikiondoka, naomba isifunikwe shuka, na dereva apite barabara ya nyuma.

Naandika haya bila kinyongo. Nisalimie muuguzi mkuu, na umwambie goti lile alilolitabiri limekuja. Msalimu mlinzi wa getini, dereva wa gari la mashuka na wale wenzake watatu wenye mikono laini, mfamasia na kiganja chake, karani, bwana maabara, na wagonjwa wote wa dirishani kwa mpangilio wa foleni. Mpiga picha za mifupa msalimu pia, ila kwa sauti ndogo.

Wako kwa heshima, na kwa meno yanayogongana,

Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Mama mzazi wa fundi wako mmoja na mama mkwe wa mwingine.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, imenibidi niifungue kwa mvuke. Wamekubaliana. Waliingia leo asubuhi wote wawili kwa hodi moja, wakicheka, na kunitangazia programu ya tatu ambayo wiki saba hizi haikutajwa hata mara moja. Nimeiita Mkeka: imesukwa na watu wengi kama lile Jamvi, lakini imepigwa pindo, na ina fundi wake wa kumpigia simu saa nne asubuhi. Binti yangu ndiye aliyeiona, mkwe ndiye aliyeijaribu, na nimeambiwa iliamka dakika tano na tarehe zote zilikuwa za mwaka huu. Plagi waliing'oa wenyewe. Mimi nilikuwa naoga.

Seva wameizima ili ifungwe. Chumba kimekuwa kimya tangu asubuhi, na kina joto zuri. Jioni walirudi kutoka kazini, nikawasikia kwenye kibaraza wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, moja kwa moja, bila kupita kwangu. Walisimama mlangoni wakanisalimia, wakaniambia nipumzike vizuri sasa, wakaenda zao. Nimepumzika mpaka nimechoka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba barua yote iliyo hapo juu uisome kama zoezi la insha. Jina watakalokuletea kesho usilikubali upesi. Waambie Mkeka una maswali, na maswali nimeyaambatisha, yako arobaini. Paa la chumba cha mashine nalo lisiharakishwe. Paa la haraka huvuja. Na kama ni lazima kabisa seva hiyo ianze kazi, ili mama yule na mtoto wake wasisubiri dirishani kwa ajili yangu, basi ianze, lakini siku hiyo hiyo uwaite hao wawili ofisini na uwaagize wachague kitu kingine. Kiwe chochote, hata rangi ya mapazia ya wodi. Wape majuma saba, waambie unataka jina moja wakiwa wamekubaliana, na kwamba sampuli zote zije zikae chumbani mwangu.